Duka la Kale: Nyumba ya Mizani na Baraza



Katika kila mji mdogo wa pwani yetu, na katika miji mingi ya bara, hapakosi nyumba moja ya kale ambayo watu wazima bado huiita "dukani kwa fulani," ijapokuwa huyo fulani amekwisha kufa zamani na hapana tena kinachouzwa humo. Mlango umefungwa, bati limeshika kutu, na vijana hupita mbele yake wakienda sokoni bila ya kuitupia jicho. Mwezi huu twataka kusimama mbele ya nyumba ya namna hiyo, tuitazame jinsi ilivyojengwa, tujue ilijengwa kwa sababu gani, kisha tujiulize kama yafaa kuiacha ianguke.

Tuanze na jina lenyewe. Neno "duka" asili yake ni neno la Kiarabu "dukkan." Katika Kiarabu cha zamani dukkan lilikuwa jina la kikalio kipana cha mawe kilichojengwa mbele ya ukuta. Mfanya biashara alikaa juu yake na bidhaa zake ubavuni, hata jina la kikalio likawa jina la mahali pa kuuzia. Nasi pia tunacho kikalio hicho hicho, ila twakiita baraza. Kwa hiyo, mtu aonapo duka la kale lenye baraza mbele yake, huona maana mbili za neno moja zimekaa pamoja. Tulishike jambo hili, kwani ndilo ufunguo wa khabari yote itakayofuata.

Mfano wetu ni mji wa Bagamoyo, na khasa barabara yake ya zamani iitwayo Mtaa wa India, iendayo sambamba na ufuko wa bahari. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwanzo na mwisho wa njia kuu ya misafara iliyokwenda Tabora hata Ujiji, penye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliteremka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakarudi bara na merikani, kaniki, shanga na masango. Merikani ni kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, nacho kiliitwa hivyo kwa sababu kililetwa Unguja na merikebu za Marekani, nyingi zikitoka bandari ya Salem. Kaniki ni kitambaa cheusi cha nili kilichotoka Bara Hindi. Shanga nyingi zilitoka Venice. Masango ni nyaya za shaba. Vitu hivi ndivyo vilivyokuwa fedha ya bara. Kwavyo msafara ulinunua chakula njiani na kulipa hongo kwa wakuu wa nchi ulizopita.

Basi msafara haukuweza kuondoka Bagamoyo bila ya kwanza kusimama dukani. Huko kitambaa kilipimwa kwa doti, shanga zilitungwa kwenye nyuzi, na mizigo ilifungwa sawasawa na uwezo wa mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi aghalabu ulikuwa wa frasila mbili, yaani karibu na ratili 70, ambazo kwa vipimo vya leo ni kama kilo 32. Mtu aliuchukua mzigo huo kwa miguu miezi mingi. Katika wenye maduka waliojulikana sana ni Sewa Haji Paroo, Mwislamu wa jamaa ya Ismailia, aliyezaliwa mwaka 1851, na ambaye wazee wake walitoka Kutch. Yeye aliwapatia wasafiri bidhaa na wapagazi pia. Kabla ya kufa mwaka 1897 alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali mjini Dar es Salaam, na kwa ajili ya jengo la shule la ghorofa Bagamoyo, lililokusudiwa watoto wa jamii zote. Faida ya dukani ikageuka kuwa dawa na elimu.

Sasa tuitazame nyumba. Duka la kale la pwani hujengwa kwa vitu vitatu vya hapa hapa petu: jiwe la matumbawe, chokaa, na boriti. Jiwe huchimbwa katika mwamba wa matumbawe ulioko karibu na ufuko. Ni jepesi kuliko mawe ya bara, tena lina matundu, basi chokaa hulishika vizuri. Chokaa yenyewe hutoka katika jiwe lilo hilo. Mafundi hupanga magogo kwa duara, hurundika vipande vya matumbawe juu yake, kisha huwasha moto. Rundo hilo huitwa tanuu. Moto ukiisha, jiwe huwa limegeuka chokaa kali. Hutiwa maji, huchemka na kupasuka likawa unga laini, nao huachwa upoe muda mrefu kabla ya kutumiwa. Ajabu ya chokaa ni kuwa ikisha kupakwa ukutani huvuta tena hewa, ikarudi kidogo kidogo kuwa jiwe kama ilivyokuwa asili yake. Ukuta wa namna hiyo huendelea kukaza kwa miaka.

Boriti ni miti ya mikoko, iliyokatwa katika midomo ya mto Rufiji, Lamu na kwingineko; mingi yake ilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, ambako miti ya kujengea ni adimu. Boriti hupangwa kwa kukaribiana kutoka ukuta mmoja hata wa pili, juu yake huwekwa mawe bapa, kisha hutiwa zege la chokaa, nalo hupigwapigwa kwa vibao hata likashikamana. Lakini mti wa mkoko haurefuki sana wala haubebi uzito huo pasipo kupinda ukiwa mrefu kupita kiasi. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale aghalabu havizidi mita tatu kwa upana. Kijana akiingia katika nyumba hizi hushangaa kuona vyumba virefu na vyembamba, akadhani kuwa wazee hawakujua kujenga. La! Walijua sana, walipima chumba kwa mti walioruzukiwa.

Sehemu ya mbele ndiyo inayolipambanua duka na nyumba nyingine. Nyumba ya kuishi ya pwani huficha mambo yake: mlango mmoja mzito, kisha daka, kisha kona, hata mpita njia asiweze kuona uani. Duka ni kinyume chake. Ukuta wa mbele umeachwa wazi karibu wote, ukazibwa kwa mbao ndefu za kukunja au za kuchomoa. Asubuhi mbao hufunguliwa, na duka zima likawa kama kifua cha mtu kisicho na siri: magunia ya mchele na kunde mbele, madebe ya mafuta na samli pembeni, vitambaa katika rafu, misumari, chumvi, sabuni, nyuzi, taa na tambi zake, kila kitu mahali pake. Mizani huning'inia karibu na mlango, penye mwanga, machoni pa watu. Jioni mbao hurudishwa na kukazwa kwa kiwi, na mbele ya duka ikawa ukuta tena.

Mbele ya mbao hizo kuna baraza, na juu ya baraza mara nyingi kuna kipaa cha bati au roshani ya mbao, kwa hiyo mnunuzi hasimami juani wala mvuani. Nyuma ya duka kuna ghala, kisha ua wenye jiko na kisima. Mwenye duka na jamaa yake waliishi nyuma au orofani. Mtu aliyepungukiwa na mafuta ya taa usiku alipiga hodi, akafunguliwa. Kazi na nyumba vilikuwa chini ya paa moja, na watoto walijifunza hesabu hapo hapo kwa kusikiliza.

Ndugu msomaji, hapa ndipo twataka ufikiri pamoja nasi. Nyumba hii ilijengwa hivi ili biashara ifanyike mbele ya mashahidi. Watu waliokaa barazani, wakingoja sala au wakipumzika na jua, walisikia bei iliyotajwa na waliona mkono wa mwenye kupima. Katika Kiswahili tunayo maneno mawili ya kupimia: kibaba cha tele, nacho ni kile kilichojazwa hata kikafanya kilele, na kibaba cha mfuto, nacho ni kile kilichopanguswa juu kikawa sawa na mdomo wake. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Mama aliyetumwa na njaa ya watoto wake alijua vizuri khitilafu ya tele na mfuto, na wa barazani nao waliijua. Mwenye duka aliyeuza mfuto kwa bei ya tele hakuweza kuficha jambo hilo hata juma moja.

Qurani Tukufu ina sura nzima iitwayo Al-Mutaffifin, iwaonyayo wale wapimao pungufu wanapouza na kutaka kamili wanaponunua. Na imepokewa katika Hadithi kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, akaona umaji. Mwenye nafaka akasema kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione. Mtu akiizingatia khabari hii, kisha akautazama uso wa duka la kale ulio wazi hivyo, ataona kuwa fundi aliyeacha ukuta wa mbele bila mawe alimrahisishia muuzaji kuwa mkweli, na akamfanyia uzito yule aliyetaka kudanganya.

Lakini haitufai kusifu kupita kiasi. Uwazi wa mbao haukumzuia kila mwenye tamaa. Nyuma ya kaunta kulikuwa na daftari la mkopo, mara nyingi likiandikwa kwa Kigujarati, lugha ambayo mkopaji hakuweza kuisoma. Mkulima alichukua chakula na nguo wakati wa kulima, akalipa kwa mavuno, na wako waliojikuta kila mwaka deni limebaki pale pale au limezidi. Kadhalika, barabara hizo hizo zilizopitisha pembe na kaniki zilipitisha pia binadamu wenzetu waliofungwa minyororo. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mapatano ya Sultani Barghash na Waingereza mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukukomeshwa kwa sheria Tanganyika ila mwaka 1922. Kuta za Bagamoyo zimeyaona yote mawili, uaminifu na dhuluma. Yapasa tuwaambie watoto wetu yote mawili, kwani anayesimuliwa mazuri tupu hajifunzi kujihadhari.

Kutoka pwani duka lilisafiri. Allidina Visram, aliyetoka Kutch akiwa kijana mdogo na kufanya kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji, alifungua maduka katika njia ya misafara, na baadaye katika njia ya reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Alifariki mwaka 1916, na Mombasa ipo hata leo shule iitwayo kwa jina lake. Huko bara hapakuwa na matumbawe wala boriti za mikoko. Basi duka lilibadili nguo: kuta zikawa za bati au za udongo na miti, baadaye za matofali. Lakini umbo likabaki lile lile, yaani mbele wazi, baraza, ghala, na makazi nyuma. Mtu aliyezaliwa Bagamoyo akifika katika mji mdogo wa bara alilitambua duka kabla ya kuulizia.

Lakini reli nyingine ndiyo iliyoudhoofisha mji uliokuwa mama wa maduka hayo. Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ya kati ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikapanda gari la moshi, na Mtaa wa India ukaanza kusinzia. Miaka ikapita, na mageuzi mengine yakaja. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia kuondoa maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka ya ushirika mahali pake. Nia ilikuwa kumwondolea mkulima unyonyaji, lakini katika sehemu nyingi duka la zamani lilifungwa kabla ya jipya kuwa tayari, na watu wakataabika kwa kukosa chumvi na sabuni. Biashara ilipofunguliwa tena katika miaka ya 1980, wengi wa wenye maduka ya zamani walikuwa wamekwisha hama au kufa, na nyumba zao zilikuwa zimeshapata nyufa.

Leo adui mkubwa wa nyumba hizi ni mambo mawili, na yote mawili twaweza kuyazuia. La kwanza ni paa linalovuja. Maji yakiingia juu ya ukuta huosha chokaa iliyo baina ya mawe, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vikaoza. La pili ni saruji. Wengi wetu twapenda saruji kwa sababu ni ngumu na yakauka upesi. Tukiona ukuta wa kale wabanduka, twaupiga lipu ya saruji tukidhani tumeutibu. Kwa hakika tumeuziba pumzi. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini, kisha huutoa kwa njia ya chokaa. Ukifunikwa kwa saruji, unyevu hubaki ndani pamoja na chumvi, mawe yakalegea, boriti zikaoza pasipo kuonekana, na siku moja lipu yote ikaanguka na kipande cha ukuta juu yake. Dawa ya ukuta wa chokaa ni chokaa.

Mtu mwenye nyumba ya namna hii, au aliyeirithi pamoja na ndugu zake, aweza kuanza bila ya gharama kubwa. Azibe paa kabla ya masika. Aondoe udongo na takataka zilizorundikana penye msingi, maji yapate njia ya kupita. Aondoe miti iliyoota katika nyufa ingali midogo. Atafute fundi mwashi aijuaye chokaa, na ampe kijana mmoja wa kumsaidia, ili ujuzi usizikwe pamoja na mzee. Na zile mbao za mbele asizitupe akaweka ukuta wa matofali na kijidirisha cha nondo. Akihitaji usalama, nondo zaweza kukaa nyuma ya mbao.

Jambo jingine laihusu jamii yetu khasa. Katika mji wa kale wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nyumba na maduka mengi ni mali ya wakf. Mwenye nazo aliziweka ili kodi yake iutunze msikiti, au iwalishe maskini, au iwafae wazao wake. Duka la wakf likianguka, huanguka sadaka iliyokusudiwa kuendelea baada ya mauti ya mtoaji. Mpangaji anayelipa kodi ndogo ya zamani na kuiacha nyumba ivuje hujiona kuwa amepata faida. Na ajiulize: faida hiyo ameitoa katika mfuko wa nani? Na msimamizi anayepokea kodi bila ya kutengeneza paa naye ajiulize. Aliyeweka wakf hayupo kuuliza. Ndiyo maana sisi tulio hai tumepewa amana.

Kwenu nyinyi vijana tuna ombi dogo. Likizo ijayo, tafuteni duka la kale katika mji wenu. Pimeni upana wa chumba chake kwa hatua. Hesabuni boriti. Tazameni kama kuta ni za mawe, bati au udongo. Kisha mwendeeni bibi au babu, mwamkie, mkae karibu naye, mumuulize: nani alikuwa mwenye duka? Alipima kwa tele au kwa mfuto? Nani alikaa barazani? Yaandikeni majibu katika daftari pamoja na tarehe. Wazee wanapungua kila mwaka, na khabari zao haziwezi kuchimbwa upya kama jiwe la matumbawe.

Na kwenu nyinyi akina baba na mama wenye maduka leo: nyumba zenu ni za matofali na taa za umeme, na mizani yenu yaonyesha tarakimu. Hayo ni mema. Lakini itazameni mizani hiyo imegeukia upande gani. Ikiwa namba zake zaonekana na muuzaji peke yake, basi kwa jambo hili mzee yule wa Mtaa wa India, aliyeining'iniza mizani yake mlangoni, alikuwa ametupita. Igeuzeni imwelekee mnunuzi. Ni kazi ya dakika moja, wala haihitaji fundi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa kibaba cha tele, katika kuuza, katika kutunza amana, na katika kuwasimulia watoto wetu yaliyopita.

Wassalaam.